X-Trail T32 ya kupanda Nyabondo: nianze na keria, kinga ya injini au taa?

NyarNyakach (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Nimedunduliza miaka mitatu na hatimaye nimepata X-Trail T32 ya 2017, petroli, lita 2.0, inayovuta magurudumu manne. Imetoka Japan moja kwa moja, haijaguswa na mtu hapa. Naishi Mamboleo. Kazi hunipeleka Nakuru mara mbili kwa mwezi kupitia Kericho, na kila mwisho wa mwezi lazima nifike kwa mama Nyakach ya juu. Safari hiyo ya nyumbani ndiyo inayoninyima usingizi. Lami ikiisha unaanza mawe, na mawe yakiisha unaanza mlima wa Nyabondo. Ikinyesha kabla hujapanda, udongo mweusi wa Kano unashika gari kama gundi.

Nina elfu tisini za kulivalisha. Nimefikiria keria ya chuma juu ili nibebe mahindi ya mama nikirudi, au kinga ya chini ya injini, na hapo sijui kama ni ya chuma au ya alumini. Kuna pia ile taa ndefu ya LED, maana mara nyingi hutoka Nakuru jioni na ukungu hunikuta Mau Summit. Juu ya hayo redio yake inaandika Kijapani na FM inaishia 90. Fundi mmoja hapa mjini ameniambia atafunga vyote kwa siku moja. Naomba ushauri wa mtu aliyeyapitia, si wa muuzaji.

Mkulima_MoisBridge
Hongera dada. Nianze na keria kwa sababu hapo ndipo naona watu wengi wakiharibu gari jipya.

Fungua kitabu cha gari, au tafuta maelezo ya modeli yako, uone uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba. Kwa magari ya ukubwa huu, mengi ni kati ya kilo 75 na 100, na hesabu hiyo inajumlisha keria yenyewe. Sasa keria ya chuma ya kuchomelewa na mafundi wa jua kali, ile ndefu ya kufunika paa lote, haikosi kilo 20. Gunia letu la mahindi ni kilo 90. Gunia moja tu tayari limekutoa nje ya kipimo, na najua hutapewa gunia moja ukiwa nyumbani kwa mama.

Mimi nilipakia mawili juu ya gari la ukubwa huohuo, nikashuka nalo mlima. Kwenye kona nilihisi gari linaegemea nje kama mtu aliyebeba mtungi vibaya. Sikupata ajali, ila nilipofika nyumbani nilikuta zile reli za paa zimesogea na mpira wa chini umechanika. Mvua iliyofuata, maji yakaingia kwenye dari.

Kunja viti vya nyuma, weka magunia ndani, yafunge yasisogee ukipiga breki. Uzito unakaa chini karibu na magurudumu, mahali pake. Ukihitaji kubeba juu kitu chepesi kama godoro au viti vya matanga, nunua vyuma viwili vya kukingama vya alumini vinavyoshika kwenye reli. Unavifunga asubuhi, unavitoa jioni. Keria ya kudumu inakula mafuta hata ikiwa tupu, kwa sababu inapasua upepo safari nzima.

NyarNyakach (Kisumu)
Asante sana. Hilo la keria kuhesabiwa ndani ya uzito sikulijua kabisa. Swali: T32 yangu ni ya viti vitano na buti lina sakafu ya plastiki inayofutika. Magunia hayataiharibu?

Mkulima_MoisBridge
Ndiyo sakafu yenyewe iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. X-Trail nyingi za soko la Japan zilikuja na vitambaa vya viti visivyopenya maji na buti la kufuta kwa kitambaa, kwa ajili ya watu wa theluji na wa kuvua samaki. Kwa hiyo usikimbilie kununua vifuniko vya viti pia. Angalia kwanza ulicho nacho.

Njeri_Njoro
Naunga mkono, na niongeze kitu kuhusu vifuniko vya viti. Tazama ubavu wa kiti cha dereva, upande wa mlango. Ukiona kibandiko kimeandikwa SRS AIRBAG, ndani ya kiti hicho mna mfuko wa hewa unaotokea ubavuni. Kifuniko cha kubana kilichoshonwa pande zote kitauzuia. Kama lazima ufunike, nunua chenye mshono ulioachwa wazi upande huo.

BabaImani_Kakamega
Mimi nazungumzia kinga ya injini tu, maana nimevunja sampu, lile beseni la oili chini ya injini, mara moja na sitaki mwingine alie kama nilivyolia. Ilikuwa kati ya Shinyalu na Kakamega, jiwe dogo tu, gari limepita juu yake pole pole. Kilichokuwa chini ni ile plastiki ya kiwandani. Plastiki ile inazuia vumbi na maji, jiwe hailizuii. Nilisimama oili ikiwa inatiririka, nikazima injini mara moja, na hilo tu ndilo lililoiokoa.

Weka CHUMA. Bamba la milimita 3. Fundi yeyote anaweza kulichomelea, likipinda unaligonga kwa nyundo linarudi.

Mwalimu_Kapsabet
Chamgei nyote. Baba Imani, pole kwa sampu, lakini tupige hesabu kidogo. Bamba la sentimita 70 kwa 90, chuma cha milimita 3, ni kama kilo 15. Alumini ya milimita 5, ukubwa uleule, ni kilo 8 na nusu hivi. Uzito huo wote unaning'inia mbele kabisa, kwenye springi ambazo zimeshabeba injini. Kwa gari lenye nafasi ya sentimita 20 kutoka ardhini, kila milimita ina maana. Mimi nina alumini mwaka wa pili sasa, barabara ya Kapsabet kwenda Chavakali na njia za ndani za mashamba ya chai. Haijapata kutu, na ina makovu ya kutosha.

BabaImani_Kakamega
Mwalimu, na ikipasuka? Utapata wapi mtu wa kuchomelea alumini huku kwetu?

Mwalimu_Kapsabet
Hapo umenishika, nakubali. Mafundi wa alumini ni wachache, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya chuma. Dada Nyakach akikaa Kisumu anaweza kuwapata, lakini akiwa kijijini hawezi.

FundiWaKondele
Samahani kuchelewa, nilikuwa chini ya gari. Mimi ni fundi, nafanya umeme na kufunga vifaa. Chuma au alumini, mbishane mpendavyo. Mimi nimeona kinga nzuri zikiua magari na kinga za bei ya chini zikiyaokoa, tofauti ikiwa namna zilivyofungwa. Dada, fundi yeyote atakayekufungia, simama hapo uangalie mambo haya.

Boliti ziingie kwenye matundu yaliyopo tayari kwenye fremu ya chini inayoshika injini. Akichukua drili kutoboa fremu, mwambie asimame. Chini ya nati ya kumwagia oili pawe na tundu la kupitisha mkono na spana, la sivyo kila sevisi utalipia kushusha kinga. Pawe na mianya ya hewa, kwa sababu gari lako lina giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, na CVT haipendi joto. Mlima wa Nyabondo ukiwa umepakia ndio mahali inapopata joto.

Bamba lisipite karibu na bomba la moshi. Wakati wa mavuno watu hupitia shambani, majani makavu na mabua hukwama juu ya kinga, bomba likiwa la moto. Nimewahi kuzima moto wa namna hiyo kwa mchanga. Halafu ile plastiki ya kiwandani usiitupe. Kama nafasi inaruhusu irudishwe juu ya kinga, kama sivyo iweke nyumbani.

Tope la Kano nalo likijaa kati ya kinga na injini hukauka kama tofali. Linashika joto na linashika maji. Baada ya safari ya mvua, oshea kwa chini, si boneti pekee.

NyarNyakach (Kisumu)
Fundi, Mungu akubariki. Nimeandika yote. Na taa?

FundiWaKondele
Taa ndefu ya LED juu ya bampa kwa ukungu wa Mau Summit? Hapana. Ukungu ni matone ya maji. Mwanga mweupe mkali ulio juu unagonga matone hayo unakurudia machoni. Unawasha, unaona ukuta mweupe, unaona barabara kidogo kuliko mwanzo. Ukungu unataka taa zilizokaa chini kwenye bampa, zinazotupa mwanga kwa upana na karibu, na wengi wetu huona afadhali ya njano. T32 nyingi zina nafasi za taa za ukungu pale chini. Kama zako zipo, badilisha glopu tu.

Njeri_Njoro
Na kwa usalama wa wote, msiwashe hizo taa ndefu mkiteremka Salgaa. Mwenye lori la mzigo anapanda, umemmulika machoni, haoni ukingo wake wala wako. Mimi hupita pale kila wiki, na kuna usiku nimelazimika kusimama kando ya barabara kabisa kwa sababu ya mwenye gari dogo aliyewasha jua zima mbele yangu.

FundiWaKondele
Kweli kabisa. Kabla ya kununua taa yoyote, Nyakach, angalia kioo cha taa zako kubwa. Kioo hicho ni plastiki, jua hukifanya kiwe cha manjano na ukungu. Kikisuguliwa vizuri na kupakwa kinga ya jua, unaweza kudhani umebadilisha taa. Uzuri mwingine, Japan huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mwanga wa taa zako tayari umeelekezwa upande sahihi, hauhitaji kubadilisha chochote hapo.

Kwa yule atakayefunga taa ndefu kwa ajili ya shamba, sikiliza. Taa ya wati 120 kwenye umeme wa volti 12 inavuta ampea 10. Usiipitishe kwenye swichi ndogo ya dashibodi wala usiunge kwenye waya wa taa za gari. Toa waya nene kutoka betri, fyuzi ya ampea 15 iwe karibu kabisa na betri, kisha rilei, yaani swichi ya sumaku inayobeba umeme mkubwa, na swichi ya dashibodi iwe ya kuamsha rilei tu. Fyuzi ikiwa mbali na betri, kile kipande cha waya kabla yake hakina ulinzi. Kikisuguliwa na chuma kikachunika, kinawaka moto na hakuna cha kukizima.

JaAhero
Omera fundi, hapo kwenye waya niseme yangu, kwa sababu nilipata hasara na bado inaniuma. Nilienda duka moja mjini, silitaji, kubadilisha redio. Kijana akakata plagi ya kiwandani, akaunganisha waya kwa kusokota na gamu. Jioni kamera ya nyuma ikafa. Siku ya tatu taa ya airbag ikawaka kwenye dashibodi. Wiki ya pili betri asubuhi imelala. Nikarudi, wakaniambia gari lilikuja hivyo. Nilikaa miezi miwili nikitafuta mtu wa kusoma waya mmoja mmoja, na kilichoniuma zaidi ni kwamba gari lilikuwa zima nilipoliingiza pale. Dada Nyakach, usikubali mtu akate plagi. USIKUBALI.

FundiWaKondele
Pole sana ndugu yangu. Ulichofanyiwa si ufundi. Plagi ya kati inauzwa. Upande mmoja unaingia kwenye plagi ya gari, wa pili kwenye redio mpya, hakuna kukata, na siku ukiuza gari unarudisha redio ya zamani.

Kuhusu redio, FM ya Japan ilianzia 76 ikaishia 90, yetu inafika 108. Njia ya kwanza ni kifaa kidogo cha kushusha masafa, kinachochomekwa kwenye waya wa antena. Ni cha bei ndogo, lakini sauti hupungua usafi na namba unayoona si ya kweli. Njia ya pili ni redio ya Android. Utapata ramani, Kiingereza, FM yote. Ila angalia kwanza: kama T32 yako ina kamera nne za kuonyesha gari kutoka juu, si kila redio ya Android itazionyesha. Wengi wamezipoteza ndipo wakauliza. Ya tatu ni kuacha redio ilivyo na kutumia simu yako kwa Bluetooth. Kama fedha ni chache, mimi ningekaa na hiyo kwa sasa.

Mwalimu_Kapsabet
Hakuna aliyezungumzia tairi hadi sasa, na mimi naona ndizo za kwanza. Kinga inakusaidia siku umegonga jiwe, tairi inakusaidia kila siku. Dada, zilizokuja na gari ni za lami ya Japan na huenda zina umri wa gari lenyewe. Soma namba nne za mwisho ubavuni: wiki na mwaka. 2317 ni wiki ya 23 ya 2017.

Saizi yako kwa kawaida ni 225/65R17. Weka zile za njia zote, zenye meno makubwa. Ukitaka kuinua kidogo, 235/65R17.

Njeri_Njoro
Mwalimu, kwa heshima, sikubaliani. Ukitoka 225 kwenda 235 kipenyo kinaongezeka milimita 13, yaani gari linainuka milimita sita na nusu tu. Kwa hizo sita, spidi mita inasoma pungufu na unabeba tairi nzito kila siku. Halafu huyu dada anaenda Nakuru na kurudi mara mbili kwa mwezi, zaidi ya kilomita 180 kila upande, lami tupu. Tairi za meno makubwa zinapiga kelele, zinakula mafuta, na aina nyingine huteleza kwenye lami ya mvua ya Kericho. Kwa matumizi yake ningechukua tairi nzuri za barabara zenye ubavu mgumu, saizi ileile.

Mwalimu_Kapsabet
Na siku ya udongo mweusi?

JaAhero
Mwalimu, mimi nimezaliwa kwenye udongo huo. Ukilowa sawasawa, hata meno makubwa hujaa yakawa laini kama chupa. Sisi tunangoja ukauke au tunapita njia ya lami hata kama ni ndefu. Na maji ya Nyando yakivuka barabara, kama yamepita nusu ya tairi, geuza. Hakuna kifaa cha kununua kwa ajili ya hilo.

Mwalimu_Kapsabet
Haya, kwa safari zake naweza kukubali. Kwa zangu nabaki na meno. Jambo tusilobishania ni kwamba zote nne ziwe sawa, aina moja na uchakavu mmoja. Gari la kuvuta magurudumu manne likiwa na tairi mbili mpya na mbili kipara, mfumo wa kugawa nguvu unafanya kazi bila kupumzika.

BabaImani_Kakamega
Na spea! Fungua chini ya buti sasa hivi. Ukikuta ile tairi nyembamba, imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa. Ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kupanda nayo Nyabondo. Nunua pampu ndogo ya umeme na vifaa vya kuziba tundu. Jifunze kuvitumia nyumbani, mchana, kabla hujahitaji usiku.

Mama_Wa_Luanda
Mimi naongeza neno moja kuhusu mati za sakafuni. Nunua za mpira zenye kingo, tope lisifike kwenye zulia, lakini ya dereva lazima ishikwe na zile ndoano za gari. Usiweke juu ya mati ya zamani. Mwaka 2009 Toyota ililazimika kuita magari karibu milioni 3.8 huko Marekani kwa sababu mati iliweza kusogea ikakwamisha pedeli ya mafuta. Mwanangu aliniwekea mbili juu ya nyingine akidhani ananisaidia. Nilizitoa siku hiyohiyo.

NyarNyakach (Kisumu)
Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu. Niwaeleze nilichofanya.

Tairi zilikuwa za 2016, ubavu umeanza nyufa ndogo. Nilinunua nne za barabara, saizi ileile, kama alivyosema Njeri. Hizo zilichukua sehemu kubwa ya elfu tisini. Kinga nimechagua chuma, kwa sababu ya swali la Baba Imani: ikipinda Sondu, nani atainyoosha? Mwalimu, nimepunguza uzito kidogo kwa kuomba mianya mingi ya hewa. Niliketi pale kwa fundi tangu saa tatu hadi saa nane. Alitaka kutoboa, nikamwonyesha simu, akatafuta matundu ya fremu akayapata. Tundu la oili lipo, mkono unaingia.

Taa zangu zilisuguliwa tu, na glopu za chini nimeweka za njano. Nilipita Mau Summit Alhamisi saa moja usiku, ukungu ulikuwepo. Niliona mstari wa pembeni ya barabara njia nzima. Mati ni za mpira, ya dereva imeshikwa kwa ndoano mbili. Pampu imo kwenye buti, na spea yangu kweli ni nyembamba.

Redio bado inaandika Kijapani. Keria sikununua. Mahindi ya mama, magunia mawili, yalikuja ndani viti vikiwa vimekunjwa.

FundiWaKondele
Kazi nzuri sana dada. Umeshapita barabara ya mawe tangu kinga ifungwe?

NyarNyakach (Kisumu)
Ndiyo, Jumamosi, kwenda na kurudi. Iligonga mara mbili.

FundiWaKondele
Basi boliti zikazwe tena. Chuma kipya hukaa mahali pake baada ya mitikisiko ya kwanza, na boliti hulegea. Chukua spana, lala chini, jaribu moja moja. Hakikisha kila moja ina washa ya springi.

NyarNyakach (Kisumu)
Nimetoka chini ya gari sasa hivi. Zote zina washa. Mbili za nyuma zilikuwa zimelegea kama nusu mzunguko, nimezikaza. Kulikuwa pia na tope kavu kubwa kama ngumi juu ya kinga, nimelitoa kwa kijiti na maji. Kesho naondoka kwenda Nakuru saa kumi na moja alfajiri.